Maswali na Majibu: Kumfundisha mtoto kuchora katuni

*Binti yangu ana miaka 9. Zamani alikuwa anachora kutwa nzima. Siku hizi akianza katuni anafuta, anafuta tena, mpaka karatasi inatoboka, kisha anasema hajui kuchora. Nimfanyeje? Mama Z., Morogoro*

Mama Z., binti yako hajapoteza kipaji. Watoto wengi wakifika miaka minane au tisa jicho huanza kuona tofauti kati ya mchoro na kitu chenyewe, na mkono bado haujalifikia jicho. Hapo ndipo raba inapofanya kazi kuliko penseli. Katuni inafaa sana kwa umri huu, maana haidai mchoro ufanane na mtu. Inadai usomeke tu: huyu kakasirika, huyu kaogopa.

Kwa dakika kumi za mwanzo iwekeni raba mbali, na umpe kalamu ya wino. Karatasi ya A4 ikunjeni katikati mara tatu. Mkiifungua mtapata vyumba vinane. Katika kila chumba achore duara kwa kuzungushia mdomo wa kikombe cha kahawa. Usiache hatua hiyo ya kikombe. Mtoto asiyejiamini huchora uso mdogo pembeni mwa karatasi, na kwenye uso mdogo nyusi zikisogea kidogo hakuna anayeona.

Sasa apige mstari hafifu katikati ya duara, kushoto kwenda kulia, na aweke macho mawili ya nukta kwenye mstari wenyewe, si juu zaidi. Watoto karibu wote huyapandisha macho hadi kwenye paji la uso, halafu nyusi zinakosa pa kukaa. Pua ni kistari kifupi tu. Nyuso zote nane ziwe na macho na pua ileile. Kitakachobadilika ni nyusi na mdomo. Ncha za ndani za nyusi zikishuka kuelekea puani, mtu kakasirika. Ncha hizohizo zikipanda, ana huzuni au wasiwasi. Nyusi zote mbili zikienda juu, mbali na macho, na mdomo ukawa kiduara, ameshtuka. Moja ikipanda na nyingine ikatulia, haamini anachoambiwa. Baada ya hapo mwache achanganye: nyusi za hasira pamoja na tabasamu. Atapata mtu mwenye hila, na mara nyingi hapo ndipo mtoto anapocheka na kuomba karatasi nyingine.

Rodolphe Töpffer, Mswisi aliyekuwa na shule ya bweni mjini Geneva na mmoja wa watangulizi wa hadithi za katuni, aliandika mwaka 1845 kwamba uso wowote, hata uchorwe vibaya kiasi gani, lazima uoneshe hali fulani. Kwa hiyo binti yako akikuletea uso "ulioharibika", muulize: huyu anawaza nini? Jibu lipo kila mara.

Na tafadhali, usishike penseli yake ukamrekebishia. Mstari wako mmoja ukiingia kwenye mchoro wake, mchoro si wake tena, na analijua hilo kabla yako. Chukua karatasi yako, kaa pembeni yake, nawe uchore. Ukimsifu, taja ulichokiona: "Nyusi hizi zimemfanya aonekane ana wasiwasi." Neno "nzuri sana" halimwambii arudie kipi kesho.

*Nafundisha darasa la tatu, wanafunzi 60. Hatuna rangi wala karatasi za kuchorea. Mwalimu, Kilifi*

Mwalimu, rangi si lazima. Watoto wakipewa rangi mapema hukimbilia kupaka kabla mchoro haujasimama. Tumia daftari la hesabu lenye miraba. Mtu mzima halisi ana urefu wa vichwa kama saba, lakini mtu wa katuni anapendeza akiwa na vitatu: kichwa miraba minne kwenda chini, kiwiliwili minne, miguu minne. Mtoto anahesabu tu, hana haja ya kukisia.

Waanze na mistari mitupu: uti wa mgongo, mikono, miguu. Uti ukiwa wima, mtu amesimama. Ukiinama mbele, anakimbia. Ukipinda mbele mabega yakashuka, amechoka. Nguo zije mwisho. Kosa utakaloliona kila dawati ni mikono kutokea shingoni. Waambie waguse mabega yao wenyewe, kisha watazame mchoro. Wengi watajirekebisha bila wewe kusema zaidi.

Ubaoni chora hatua moja, simama, wangoje. Mwishoni kila mmoja abadilishe kitu kimoja: nywele, kofia, au anachobeba. Bila hivyo utakusanya madaftari 60 yenye mtu mmoja, na wale ambao michoro yao haikufanana na wa ubaoni watahisi wameshindwa.

*Mwanangu ananakili katuni za kwenye televisheni tu. Nimkataze? Baba K., Zanzibar*

La, usimkataze. Kunakili kwa kutazama kunafunza jicho kupima. Kuweka karatasi juu ya picha na kufuatisha mistari kunazoesha mkono, lakini jicho linapumzika, basi isiwe kila siku. Akimaliza kunakili, mpe kazi ambayo picha ya televisheni haina jibu lake: mchore huyohuyo amelala, au akinunua vitumbua, au akitazamwa kutoka nyuma. Hapo lazima atunge.

*Watoto wakichora kisa, maneno hayaingii kwenye kiputo, kile kiduara cha maneno ya anayesema. Pia mikono inawashinda. Mlezi, Mwanza*

Maneno huandikwa kwanza, kiputo huchorwa baadaye kuyazunguka. Theluthi ya juu ya kila chumba iachwe wazi kwa ajili hiyo, na maneno yasizidi kumi. Anayeanza kusema akae kushoto, maana tunasoma kutoka huko. Mkia wa kiputo uelekee mdomoni, usiishie kichwani.

Kwa kisa cha kwanza vyumba vitatu vinatosha. Mtoto anatazama embe mtini, anarusha kandambili, embe bado lipo, kandambili imenasa. Wanaoanza hupenda kujaza yote matatu kwenye chumba kimoja. Waulize tu: kipi kilitokea kwanza?

Kuhusu mikono, vidole vinne vinatosha. Hata wachoraji wengi wa katuni huchora hivyo, kwani kidole cha tano hujaza mistari mahali padogo. Achore kwanza kiganja cha mviringo, kidole gumba upande mmoja, halafu vidole vitatu vinene na vifupi. Vikiwa vyembamba na virefu, mkono utaonekana kama reki.