Mtoto anapoogopa chakula, mwite mwanasaikolojia mapema

Mtoto akigoma kula, kila mtu ana dawa. Jirani atakutajia sharubati ya kuongeza hamu ya kula, shangazi atasema ni minyoo, mwingine atakuelekeza unga wa lishe wenye kila nafaka iliyopo sokoni. Mwanangu alipokataa kula baada ya kupaliwa niliyasikia yote hayo, na hakuna hata mmoja aliyemtaja mtu aliyekuja kutufaa kuliko wote: mwanasaikolojia tiba.

Binti yangu alikuwa na miaka miwili na ushei. Tulikuwa kwenye shughuli ya kifamilia Mbagala, akapaliwa na kipande cha nyama mpaka akabadilika rangi. Baba yake mdogo alimwinamisha, akampiga mgongoni, kikatoka. Akanyamaza kulia, akarudi kucheza na wenzake. Kesho yake alikataa wali. Kisha akakataa ndizi, akakataa mtori wenye mabonge, hata mkate uliolowekwa kwenye chai. Vikabaki maziwa na uji mwepesi. Ukimsogezea kijiko alifumba midomo, akakaza shingo na kutokwa jasho. Jasho lile ndilo lililoniambia kwamba hiki si kiburi. Mtoto wa miaka miwili hawezi kujitoa jasho ili akukomoe.

Tulianza kwa daktari wa watoto, na wewe anzia huko. Mtoto anaweza kukataa chakula kwa sababu ya vidonda mdomoni, mafindofindo, choo kigumu, asidi inayopanda kutoka tumboni au upungufu wa damu. Wa kwangu alikutwa na upungufu wa madini ya chuma, jambo lisiloshangaza kwa mtoto anayeishi kwa maziwa. Maziwa ya ng'ombe yana chuma kidogo sana, na yanashibisha. Kwa umri ule daktari alitaka yasizidi kama nusu lita kwa siku. Upungufu huo nao hupunguza hamu ya kula, kwa hiyo hofu ilikuwa imezaa tatizo la mwili, na tatizo la mwili likawa linailisha hofu. Akapewa dawa ya chuma. Sharubati ya hamu ya kula daktari aliikataa, akatueleza kwamba moja iliyozoeleka sana ina siproheptadini, ambayo ni dawa ya mzio inayoleta usingizi na njaa. Binti yangu njaa alikuwa nayo. Alikuwa anaogopa kumeza.

Hofu ya namna hii inatambulika kitabibu. Mwaka 2013 mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili uliingiza tatizo la kukwepa chakula lisilotokana na mtu kuhangaikia unene wake: wapo wasiovutwa na chakula kabisa, wapo wanaoshindwa kuvumilia harufu au mguso wake, na wapo wanaohofia kupaliwa au kutapika. Mwaka 2019 kundi la wataalamu likapendekeza matatizo ya ulaji wa watoto yatazamwe kwa pande nne: ugonjwa, lishe, uwezo wa kutafuna na kumeza, na hali ya kisaikolojia pamoja na mazingira ya nyumbani. Huku kwetu tunamaliza tatu za kwanza, tukikwama ndipo tunakumbuka ya nne. Mimi naona zote ziende pamoja tangu mwanzo.

Mwanasaikolojia alituomba turekodi mlo mmoja kwa simu. Alipoitazama video, macho yake yalikuwa kwetu kuliko kwa mtoto. Bibi yake alikuwa akisema, "Kula mama, kula, utakonda ufe." Dada wa kazi ameshika katuni. Baba ameahidi soda. Mimi nimesimama na kijiko, nimebana pumzi. Akatueleza kwa upole: mtoto anapofumba mdomo na kulia, kijiko huondoka na hofu hushuka, basi mwili wake unajifunza kwamba kufumba mdomo kunaokoa. Tukimlazimisha, kijiko chenyewe kinakuwa tishio. Mwaka 2006 watafiti wa Pennsylvania State University walichapisha jaribio la watoto waliopewa supu: walipohimizwa waimalize walikula kidogo kuliko walipoachwa wale wenyewe.

Kwa hiyo tiba ilianza na watu wazima. Milo ikawa na saa zake, maziwa yakaja baada ya chakula, kwa kikombe. Tulikaa mkekani wote, si zaidi ya nusu saa, bila simu na bila neno lolote kuhusu nani amekula nini. Ellyn Satter, mtaalamu wa lishe wa Marekani, aligawa kazi hivi: mzazi anaamua chakula gani, saa ngapi na wapi; mtoto anaamua kama atakula na kiasi gani. Kwa mama wa Kiswahili hili ni gumu, sitakuficha. Unamwona mwanao ameinuka bila kugusa kitu na unatakiwa kutandua mkeka kwa uso mkunjufu.

Kisha zikaja hatua ndogondogo. Kuponda ndizi kwa mwiko. Kumlisha mdoli. Kugusisha chakula midomoni, kulamba, kutafuna na kutema kwenye bakuli. Hapo kwenye kutema mama mkwe alichukia, maana yeye amelelewa kwamba chakula hakichezewi, na heshima hiyo ni ya kweli. Mwanasaikolojia hakubishana naye. Alimwita, akamsikiliza kwa muda mrefu, akampa kazi: akae karibu na mjukuu wake na ale kwa raha zake, asimwambie chochote. Bibi akaifanya kazi hiyo vizuri kutushinda sote. Parachichi ya kwanza ilichotwa kwenye sahani yake.

Nami mwanasaikolojia alinitibu. Alinituma kwa muuguzi nijifunze kumsaidia mtoto aliyepaliwa: aliyevuka mwaka mmoja, mapigo matano mgongoni kati ya mabega, yakishindwa, misukumo mitano ya tumbo, kwa kupokezana; aliye chini ya mwaka hasukumwi tumbo, husukumwa kifua. Nilipojua mikono yangu itafanya nini, niliacha kumkodolea macho kooni, na mtoto akaacha kuniangalia usoni kila anapomeza.

Ilichukua miezi, na mafua moja tu yalitosha kuturudisha kwenye uji. Nyama ilikuja mwisho kabisa, ya kusaga.

Kuna jambo lazima niliseme waziwazi. Kumlaza mtoto mapajani, kumbana pua na kummiminia uji ni hatari. Uji unaweza kuingia kwenye mapafu ukamletea nimonia, na kila siku unamfundisha kuwaogopa wanaompenda. Kama dada wa kazi analisha hivyo, keti naye umwonyeshe namna nyingine badala ya kumfokea. Mara nyingi naye anaogopa utarudi ukute bakuli limejaa.

Mtoto mwenye usonji au mtindio wa ubongo anahitaji pia mtaalamu wa tiba kazi, anayemfundisha mtu kumudu shughuli za kila siku kama kula. Hospitali ya KCMC Moshi wanafundisha fani hiyo. Wanasaikolojia tiba ni wachache, kwa hiyo omba rufaa mapema kupitia daktari, na usisubiri ikiwa uzito unashuka, vyakula anavyokubali vinazidi kupungua, anakohoa kila anapokula au nimonia inajirudia. Nenda na kadi ya kliniki, orodha ya vyakula vyote anavyokubali hata kama ni vitatu, na video ya mlo wa kawaida. Usiipambe hiyo video. Na kama bibi ndiye anayemlisha mchana, muombe muende naye.