Kwa mnaoanza kuotesha mikrismasi Dodoma

Mwezi wa kumi na moja, Dodoma ikiwa bado vumbi tupu na kila mtu anatazama mawingu, mikrismasi, ile miti ya kivuli yenye maua mekundu, huanza kuwaka barabarani. Siku hizo hizo wateja nao huanza kupiga simu wakitaka miche. Ninyi mnaoingia kitaluni mwaka huu, nawaomba mshike jambo moja: mti huu huharibikia mizizini, na huharibika miaka mingi kabla juu hakujaonekana dalili.

Tuanze na mbegu. Ganda lake ni gumu kama kokoto. Msimu wangu wa kwanza nilisia mbegu mia tatu kavu, nikamwagilia wiki tatu, na zilizoota hazikufika ishirini. Niliamini nimeuziwa mbegu mbovu, kumbe maji hayakupenya. Chemsha maji, epua, yamimine juu ya mbegu, uziache humo hadi kesho yake. Zilizovimba zisie siku hiyo hiyo. Zilizobaki ndogo zirudie. Kama ni chache, sugua kila moja upande mmoja kwenye sakafu ya saruji mpaka ganda litoboke kidogo, kisha loweka maji ya kawaida usiku kucha. Mbegu hamna haja ya kununua. Maganda yale marefu meusi ambayo watoto huyatikisa kama kayamba yananing'inia mtini miezi mingi.

Sasa viriba, yaani vifuko vya kuoteshea miche, ambako ndiko nilikokosea vibaya zaidi. Mche wa mkrismasi hukua upesi; ukisia mwezi wa nane, mvua za Desemba zinakuta uko tayari. Mwaka mmoja miche ilinibakia, nikaona hasara kuitupa, nikaikalisha kwenye viriba vile vile hadi msimu uliofuata. Juu ilipendeza, mirefu, majani tele. Nikaipeleka kwenye shule moja. Mwaka wa nne upepo uliangusha mmoja, na nilipochungulia chini nikakuta mizizi imejisokota duara, kwa umbo la kiriba kile kile. Hakuna mzizi hata mmoja uliokuwa umekwenda mbali. Watoto walikuwa wakikaa pale kivulini. Tangu siku hiyo mche uliopitiliza siuzi, hata mteja akisema atalipa bei kamili.

Halafu, muulize mteja anaupanda wapi kabla hujapokea pesa. Watu wanaojenga Nzuguni au Mtumba wanautaka getini, kwa sababu ya maua. Mkatalie kwa upole. Mizizi yake hutambaa karibu na uso wa ardhi, huinua vigae vya uani na kupasua kuta, na kichwa chake hutanuka kama mwavuli, mara nyingi kuliko urefu wa mti wenyewe. Mimi nataka angalau mita kumi kutoka ukutani, kwenye mabomba na kwenye shimo la maji taka. Matawi pia ni mepesi kukatika, kwa hiyo asiegeshe gari chini yake. Nyasi naye asizitarajie pale.

Mwambieni ukweli kuhusu kivuli vilevile. Asili ya mti huu ni Madagaska, na katika kiangazi chetu hupukutisha majani. Jua la Septemba na Oktoba litaukuta ukiwa na matawi matupu. Nyuki huyapenda maua yake na kuni zake zinafaa, lakini nguzo hapana: mchwa watazimaliza.

Kiangazi cha kwanza ndicho kinachoua miche mingi. Dodoma hupata wastani wa mvua usiofika milimita 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, halafu kimya. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, changanya samadi iliyooza, panda mvua ikishalowesha ardhi vizuri, si manyunyu ya kwanza. Tengeneza kisahani cha udongo cha kushika maji kuzunguka shina. Kuanzia Mei mwagilia ndoo moja mara mbili kwa wiki, jioni, maji yazame chini. Kikombe kila siku hufundisha mizizi kukaa juu. Weka matandazo, yaani nyasi au majani makavu ya kufunika udongo, lakini yaache mbali na shina kiasi cha kiganja, maana mchwa hupitia humo. Na zungushia miiba siku ile ile ya kupanda. Mbuzi hawasubiri kesho.