Kompyuta imezeeka: je, ninunue i7 iliyotumika?

Swali

Habari za kazi, fundi. Nina kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Core i5-4570, RAM GB 8 na diski ya kuzunguka (hard disk) ya GB 500. Inatumia Windows 10. Siku hizi imekuwa nzito mno. Nikiiwasha inachukua dakika kadhaa kabla haijatulia, na nikifungua vichupo kumi na kitu kwenye kivinjari, kila kitu kinagoma. Tena nimeanza kuhariri video ninazorekodi kwa simu, na huko ndiko ninakoteseka zaidi: video inakwamakwama hata kabla sijaikata. Kuna mtu anauza prosesa ya i7-4790 iliyotumika. Anasema soketi ni ileile na nikiipachika mashine itakuwa mpya. Niichukue?

Jibu

Usiichukue kwanza, ndugu yangu. Huenda baadaye ukaihitaji, lakini kwa dalili ulizozieleza, hiyo i7 haitibu hata moja kati ya mambo mawili yanayokuumiza zaidi: uzito wa kuwaka na video inayokwama.

Kuhusu soketi, yaani mahali prosesa inapokaa kwenye bodi mama, muuzaji amesema kweli. Zote mbili ni LGA 1150, zote ni za kizazi cha nne cha Intel: yako ilitoka 2013, hiyo 4790 ikafuata 2014. Ila tuangalie unachopata hasa. Viini ni vinne kwa vinne. Kasi ya kawaida inapanda kutoka GHz 3.2 hadi 3.6, na ile ya juu kabisa kutoka 3.6 hadi 4.0, yaani kama asilimia 11 hadi 12.5. Kashe, ile kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa, inaongezeka kutoka MB 6 hadi 8. Tofauti yenye uzito ni moja: kila kiini cha i7 kinaendesha nyuzi mbili za kazi kwa wakati mmoja, kwa hiyo Windows inaona nane badala ya nne. Kwa programu inayojua kuzitumia zote, mfano ile inayobana video au kutoa picha za 3D, faida inaweza kufika robo au zaidi kidogo. Kwa kufungua kivinjari, kuandika barua au kuwasha mashine, hutaiona kwa macho.

Sasa fanya kipimo hiki kabla ya kutoa hela. Zima kompyuta, iwashe, na mara tu ikifika kwenye skrini kuu bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager. Nenda kwenye Performance, usifungue programu nyingine, tazama tu. Nabashiri utaona diski imesimama kwenye asilimia 100 huku prosesa ikicheza kati ya 15 na 30. Kisha bonyeza Disk uangalie chini, kasi ya kusoma: utashangaa kukuta ni MB moja au mbili kwa sekunde, wakati diski hiyohiyo ukiinakilia filamu moja kubwa inafika MB 100 na ushei.

Kwa nini? Diski ya kawaida ya kompyuta ya mezani inazunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja ni kama milisekunde 8.3. Kichwa cha kusomea kikitaka kipande fulani cha data, lazima kwanza mkono usogee hadi kwenye mstari wake, halafu kisubiri, kwa wastani nusu mzunguko, hadi kipande hicho kipite chini yake. Jumlisha hayo na utapata diski inayoweza kujibu maombi mia hivi kwa sekunde ikiwa data imetawanyika. Windows ikiwaka inaomba maelfu ya vipande vidogo vidogo vilivyotawanyika. Prosesa yako iko pale kama mwashi anayeletewa matofali moja moja. Ukimleta mwashi hodari zaidi, matofali bado ni yaleyale. SSD ya SATA, yaani diski ya chipu inayochomekwa kwa waya wa aina ileile ya diski yako, haina kinachozunguka, inajibu maombi ya namna hiyo makumi ya maelfu kwa sekunde.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ni SSD. Kwa mashine yako chukua ile ya inchi 2.5 ya SATA. Usishawishike na NVMe, zile SSD za kasi zaidi zinazopachikwa moja kwa moja kwenye bodi, kwa sababu namba zake ni kubwa: bodi nyingi za umri huo haziwezi kuanzisha Windows kutoka kwenye NVMe, na nyingi hazina hata pa kuipachika. Ukifungua kasha, soma maandishi madogo pembeni mwa milango ya SATA. Kwenye bodi za chipseti (chipu inayoratibu bodi) H81, kwa mfano, milango miwili tu ndiyo ya Gb 6 kwa sekunde, mingine ni ya Gb 3. SSD ichomeke kwenye ya 6. Hiyo diski yako ya zamani hata ukiiweka kwenye ya 3 haitapungukiwa na chochote.

Ila kabla hujahamisha kitu, pitisha diski yako ya sasa kwenye CrystalDiskInfo. Ni programu ya bure. Ikikuonyesha rangi ya njano au nyekundu, acha mengine yote, toa nakala ya faili zako leo. Diski inayokufa nayo huifanya kompyuta iwe nzito, na nimeona watu wakibadilisha RAM, wakabadilisha prosesa, kumbe diski ilikuwa inarudiarudia kusoma sekta mbovu.

RAM. Ukiwa na vile vichupo vyako wazi, rudi Task Manager uangalie Memory. Ikizidi asilimia 85 na diski nayo ikaanza kuchemka, maana yake Windows imeishiwa nafasi na inahamishia mambo kwenye diski. GB 8 kwa kivinjari cha leo pamoja na programu ya kuhariri video ni kubanana. Palepale kwenye Memory pana mahali panapoonyesha sloti ngapi zimetumika. Ukikuta GB 8 zote ziko kwenye kipande kimoja, ongeza cha pili kinachofanana nacho: unapata GB 16, na pia kumbukumbu inafanya kazi kwa njia mbili badala ya moja. Hakikisha ni DDR3. DDR4 haiingii, pengo lake liko mahali tofauti, usilazimishe.

Tuje kwenye video, maana hapa ndipo watu wengi wanapoibiwa na neno "i7".

Simu nyingi za sasa hurekodi kwa H.265, ambayo pia huitwa HEVC. Faili zinakuwa ndogo, lakini kuzifumbua ni kazi nzito. Mashine za kisasa zina sehemu maalumu ndani ya chipu ya grafiki inayofanya kazi hiyo peke yake, prosesa haisumbuliwi. Yako ina Intel HD Graphics 4600. Hiyo inaifumbua H.264 bila shida, lakini H.265 haina uwezo kamili wa kuifumbua kwa maunzi. Kwa Intel uwezo huo ulikuja na kizazi cha sita, 2015. Matokeo yake viini vyako vinne vinabeba mzigo wote kwa nguvu za programu, na video inakwama. Sasa sikiliza: hiyo i7-4790 nayo ina HD Graphics 4600. Ileile. Utapata nafuu kidogo kwa sababu ya nyuzi nane, lakini ukuta unaougonga ni uleule.

Jaribu njia isiyo na gharama kwanza. Kwenye simu badilisha namna ya kurekodi iwe H.264 kwa 1080p. Kwenye iPhone ni Settings, Camera, Formats, kisha uchague Most Compatible. Kwenye Android jina hutofautiana kati ya simu na simu, tafuta ndani ya mipangilio ya kamera palipotajwa H.265, HEVC au kuokoa nafasi, ukazime. Rekodi dakika moja, iingize kwenye programu yako, uone. Kwa video ulizokwisha kuzirekodi, tumia nakala nyepesi: DaVinci Resolve, Premiere Pro na Kdenlive zote zinaweza kutengeneza nakala ndogo za kufanyia kazi, unakata na kupanga kwa hizo, halafu mwishoni programu inatumia faili halisi wakati wa kutoa kazi. Zitafute kwa jina la proxy. Watu wanadhani ni mambo ya studio kubwa. Mimi nasema yaliundwa kwa ajili ya mashine kama yako.

Kama bado unataka kununua kitu kwa ajili ya video, afadhali kadi ya grafiki ndogo kuliko prosesa. GTX 1050 Ti, kwa mfano, inafumbua H.265 kwa maunzi, na kwa kuwa imepangiwa wati 75, matoleo yake mengi hayahitaji waya wa ziada kutoka pawa saplai. Pima kwanza nafasi ndani ya kasha. Zile kompyuta nyembamba za ofisini hupokea kadi fupi tu, na pawa saplai zake ni ndogo.

Umesema Windows 10. Msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na ule mpango wa Microsoft wa masasisho ya ziada ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani unaishia 13 Oktoba 2026. Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, pamoja na TPM 2.0, ambayo ni sehemu ya usalama ya kutunza funguo. Kuna njia za mkato za kuilazimisha, zinafanya kazi, lakini Microsoft haikuahidi kitu. Namba 4 hiyo ya mwanzo katika 4570 na 4790 inamaanisha kizazi cha nne, kwa hiyo ukinunua i7 hiyo utabaki palepale. Hili peke yake linanifanya nisite kumshauri mtu atie fedha kwenye soketi hii kwa kitu asichoweza kuhama nacho. SSD utaichomoa na kuihamishia mashine nyingine kesho. Kadi ya grafiki vilevile. Prosesa ya LGA 1150 haina pa kwenda. Na kama kazi zako zinaruhusu, Linux Mint kwenye SSD itaifanya mashine hiyo iishi bila wasiwasi wa Windows. Kdenlive na Resolve zote zina matoleo ya Linux, ingawa Resolve ya bure huko haipokei H.264, na itakupa kazi ya kubadilisha faili kila mara.

Nisieleweke kwamba kubadilisha prosesa ni upuuzi siku zote. Ungeniambia una i3 ya kizazi hichohicho, yenye viini viwili, na kipimo kinaonyesha prosesa iko asilimia 100 kutwa, ningesema tafuta i5 au i7 iliyotumika, pachika. Na wenye bodi za AMD za soketi AM4 wana bahati ya kipekee: mtu aliyeanza na Ryzen 5 1600 ya 2017 anaweza, kama bodi yake ina BIOS (programu ya msingi ya bodi) inayokubali, kuweka Ryzen 5 5600 ya 2022 palepale. Hiyo ni kuruka vizazi, si kupanda ngazi moja, na tena anaingia kwenye orodha ya prosesa ambazo Windows 11 inazikubali, ambayo Ryzen za 1000 hazimo.

Tuseme umefanya yote hayo na bado unapotoa video prosesa inakaa asilimia 100 na muda huo unakugharimu. Kwanza toa vumbi kwenye feni na ubadilishe pesti ya prosesa, ile dawa ya kupitisha joto kwenda kwenye kipozeo, ambayo baada ya miaka kumi huwa imekauka kama chokaa. Tazama kasi katika Task Manager wakati wa kazi nzito: ikishuka chini ya GHz 3.2, joto ndilo mshukiwa wa kwanza, na i7 yenye joto hilohilo nayo itajipunguza. Kisha ulizia pia i7-4770, si 4790 tu. Zote zimepangiwa wati 84 sawa na yako, kwa hiyo pawa saplai haitalalamika. Lakini 4790 ilitoka baada ya bodi nyingi za LGA 1150 kuwa sokoni, na bodi yenye BIOS ya zamani inaweza isiitambue kabisa: feni inazunguka, skrini giza. BIOS inasasishwa ukiwa na prosesa ya zamani ndani, kabla ya kuichomoa, na tovuti ya mtengenezaji wa bodi huwa na orodha ya prosesa zinazokubalika na toleo la BIOS linalohitajika. Kama umewasha BitLocker, yaani ulinzi wa Windows unaofunga diski kwa ufunguo, hifadhi ufunguo wake mahali nje ya kompyuta kabla ya kugusa BIOS. Na ukifungua soketi, usiguse zile pini ndani yake hata kwa kitambaa. Kwenye LGA pini ziko upande wa bodi, na moja ikipinda unaweza kupoteza bodi nzima.

Niandikie tena ukishapima. Nitahitaji asilimia za diski, RAM na prosesa wakati wa kuwasha, na jina la bodi pamoja na chipseti yake. CPU-Z itakupa hayo mawili ya mwisho kwenye ukurasa wa Mainboard.