Maziwa ya Nyayo na Chakula cha Mchana Asichokitaja Mama

SWALI: Mhariri, mama yangu alisoma shule ya msingi katika miaka ya 1980. Kila tukizungumzia shule za zamani husifu maziwa ya Nyayo na pakiti yake ya pembe tatu, lakini nikimwuliza walikula nini mchana hubadilisha mazungumzo. Maziwa hayo yalitoka wapi, na mbona yanakumbukwa kuliko chakula chenyewe?
Msomaji, Kakamega

JIBU: Mpango wa maziwa ya shule ulianza mwaka 1979, muda mfupi baada ya Rais Daniel arap Moi kushika madaraka, na jina lake lilitokana na ahadi yake ya kufuata nyayo za Mzee Jomo Kenyatta. Mwanafunzi wa shule ya msingi alipewa pakiti ya mililita 200 bila malipo, kwa kawaida mara mbili kwa wiki. Pakiti yenyewe, ambayo kwa hakika ilikuwa na nyuso nne, ilikuwa ubunifu wa kampuni ya Tetra Pak ya Uswidi: karatasi ilizungushwa ikawa mrija, ukajazwa maziwa, kisha ukabanwa mara kwa mlalo na mara kwa wima. Sisi tuliing'ata ncha moja tukanyonya, na ilipokwisha tuliipuliza ikavimba, tukaikanyaga ipasuke kwa kishindo.

Kuhusu kimya cha mama yako, naomba usimlazimishe kusema, kwa kuwa nadhani ninakielewa. Saa ya chakula cha mchana ndiyo iliyofichua hali ya kila nyumba. Waliokaa karibu walikimbia kwao. Wengine walifungua mikebe yenye githeri iliyopoa au viazi vitamu vilivyochemshwa alfajiri. Na walikuwapo waliokwenda bombani, wakanywa maji mpaka tumbo likajaa, kisha wakarudi uwanjani kucheza kwa kelele kuliko wote ili pasiwe na mtu wa kuwauliza kama wamekula. Mimi nilikuwa mmoja wao kwa mihula kadhaa, na hadi leo nikisikia kengele ya saa saba hukumbuka ladha ya maji yale yaliyopata joto ndani ya mabomba.

Siku ya maziwa haikuwa hivyo. Mtoto wa mwalimu mkuu na mtoto wa kibarua wa shamba la chai walipanga foleni moja, wakapewa pakiti zilizolingana, na hakuna aliyelazimika kugeuka ukutani ili kuficha alichokuwa nacho mkononi. Sisemi kwamba mpango ulikuwa kamili: kuna shule zilizosubiri gari la maziwa siku nzima bila kuliona, na wapo wenzetu walioumwa na tumbo kwa kutozoea maziwa. Katika miaka ya 1990 ugavi ulizidi kusuasua hadi mpango ukakoma.

Kuna swali moja ambalo huenda mama yako akalijibu kwa furaha. Walimu walitutaka tunywe pale pale shuleni, lakini wengi wetu tulikunywa nusu, tukakunja ile ncha na kuificha pakiti ndani ya sweta, kwa sababu nyumbani kulikuwa na mdogo wetu ambaye hajafikisha umri wa kuanza shule na aliyekuwa akitungoja njiani. Muulize yeye alimpelekea nani.