Shaba ikiwa juu kwenye damu ya mgonjwa wa saratani ya kongosho

Swali: Daktari, tuko Kasese. Mzee wetu ana miaka 61, ana saratani kwenye kichwa cha kongosho na macho yake yamekuwa ya manjano. Kipimo cha damu kinaonyesha shaba iko juu, zinki iko chini. Je, chanzo ni maji ya mto Nyamwamba, yenye mabaki ya mgodi wa Kilembe? Na tumpe vidonge vya zinki na seleniamu kama tulivyoshauriwa?

Jibu: Poleni sana. Kwa sasa kipimo hicho hakiwezi kuwaambia lolote kuhusu maji. Ini hutoa shaba ya ziada kupitia nyongo. Uvimbe wa hapo kwenye kichwa cha kongosho ukibana mrija wa nyongo, macho huwa manjano na shaba nayo hukosa pa kutokea. Tena shaba nyingi ya damuni hubebwa na seruloplazmini, protini ambayo ini huitengeneza kwa wingi mwili ukiwa mgonjwa. Zinki hufuata njia ya kinyume: ini huivuta kutoka kwenye damu, na albumini, protini ya damu inayoibeba, hupungua.

Rudieni kipimo baada ya nyongo kufunguliwa njia kwa stenti (kijibomba kinachowekwa kwenye mrija) na macho kuwa meupe. Ombeni kichupa maalumu cha kupimia madini, chenye kifuniko cha buluu iliyokolea, kwa kuwa vizibo vya kawaida vya mpira huachia zinki kwenye damu na kupandisha jibu. Chembe nyekundu za damu zikipasuka wakati wa kutolewa, zinki hupanda vilevile. CRP (kipimo cha uvimbe-moto mwilini) na albumini zipimwe siku hiyohiyo, la sivyo namba za zinki hazisomeki.

Maji ya mto huo msiyanywe hata hivyo. Kilembe ilichimba shaba kuanzia 1956 hadi 1982 na mafuriko bado yanakokota mabaki yake. Kuchemsha hakusaidii hapa: vijidudu hufa, madini hubaki.

Madini ninayoyahofia zaidi ni kadimiamu, na kwa mvutaji mlango wake mkubwa ni sigara. Ikishaingia hukaa mwilini zaidi ya miaka 10. Utafiti wa Hispania uliochapishwa 2012 ulipima kucha za miguu za wagonjwa 118 na watu 399 wasio na saratani hii. Kadimiamu, risasi na aseniki nyingi ziliendana na hatari kubwa, seleniamu nyingi na hatari ndogo. Kuendana si kusababisha. Kama kuna anayevuta nyumbani, aache.

Vidonge: msimpe bado. Seli nyingi za saratani hii zina ZIP4 kupita kiasi, nayo ni protini inayoingiza zinki ndani ya seli. Katika panya, ZIP4 ilipozidishwa uvimbe ulikua haraka. Zinki inayozidi miligramu 40 kwa siku, kwa miezi, huzuia shaba kufyonzwa, na mgonjwa hupungukiwa damu na kufa ganzi miguuni. Baadhi ya dawa za saratani huleta ganzi hiyohiyo, na daktari anaweza kupunguza dawa isiyo na kosa. Seleniamu isizidi mikrogramu 400 kwa siku, chakula kikihesabiwa. Ikizidi, nywele na kucha hudondoka.

Chunguzeni choo cha mzee. Kikiwa na mafuta, kinaelea na kunuka vikali, vimeng'enya vya kongosho, vinavyosaga chakula, havifiki kwenye utumbo, na zinki na seleniamu hupotea pamoja na chakula. Mwombeni daktari vidonge vya vimeng'enya. Mara nyingi huanza na uniti 40,000 hadi 50,000 za lipesi (kimeng'enya cha mafuta) kwa mlo mkubwa, nusu yake kwa kitafunio. Ameze sehemu kwenye tonge la kwanza la posho au matoke, nyingine katikati ya mlo. Akivimeza baada ya kula, chakula kimeshatangulia. Visimwagwe kwenye chai au uji wa moto, maana joto huviua.