Muuzaji wangu hodari anawavuruga wenzake: nimfukuze?

SWALI: Kocha, hujambo? Nina hadwea, duka la vifaa vya ujenzi, karibu na soko la Kibuye, Kisumu. Wafanyakazi ni sita: wauzaji wanne, mtu wa stoo na dereva wa pikapu. Wauzaji nawalipa mshahara na kamisheni ya asilimia 2 ya mauzo ya kila mmoja. Mmoja wao huwashinda wote kwa mbali, lakini huchelewa, huficha namba za simu za mafundi wanaonunua kwetu na hugombania wateja mlangoni. Wenzake wamekata tamaa. Nimebandika kaulimbiu ukutani, nimewashonea fulana, na sasa nafikiria kuwapeleka Naivasha wakajenge umoja. Au nimfukuze tu?

JIBU: Sijambo, ndugu yangu. Kabla ya Naivasha, tuketi na karatasi yako ya malipo, maana kijana huyo anafanya kile hasa unachomlipia. Kama kamisheni ni ya mauzo yake peke yake, namba ya fundi ni shamba lake. Kumpa mwenzake ni kujitoa pesa mfukoni. Na mtu wa stoo je? Siku nzima anapakia mabati yanayowaletea wengine kamisheni, yeye hapati hata ndururu. Ningekuwa yeye, ningepakia polepole pia.

Tufanye hesabu. Tuseme duka linauza 1,500,000 kwa mwezi, hodari wako akiwa na 600,000 na wale watatu 300,000 kila mmoja. Leo yeye anapata 12,000, wao 6,000, stoo na dereva sufuri. Sasa punguza kamisheni ya mtu binafsi iwe asilimia 1, kisha asilimia 1.5 ya mauzo yote iingie kwenye chungu kimoja kinachogawanywa sawa kwa sita. Chungu kitakuwa na 22,500, yaani 3,750 kwa kila mtu. Hodari atapata 9,750, wauzaji wengine 6,750, stoo na dereva 3,750 kila mmoja. Wewe utalipa 7,500 zaidi ya unavyolipa leo, sikufichi. Piga hesabu ya simenti iliyoganda stoo kwa sababu hakuna aliyejali kuipanga, uone kama ni ghali. Anayeuza zaidi bado anapata zaidi; hafanyi kazi ya bure.

Tarehe 12 Oktoba 2019, kule Vienna, Eliud Kipchoge alimaliza kilomita 42 kwa saa 1:59:40. Mimi kila nikiitazama video ile macho yangu huwaendea wawekaji kasi, wale wakimbiaji waliomshikia mwendo. Walikuwa 41, wakipokezana kwa makundi, wamejipanga kumkinga upepo. Kati yao alikuwemo Bernard Lagat, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mita 1500 na 5000 mwaka 2007. Bingwa mzima, na kazi yake siku hiyo ilikuwa kushika nafasi yake kwenye mstari, kisha mwishoni kubaki nyuma ili mwenzake aingie peke yake. Hawakupimwa kwa muda wa mtu mmoja mmoja, ndiyo maana hakuna aliyechomoka.

Kipchoge huyohuyo, katika kambi yake ya Kaptagat, amekuwa na zamu ya kusafisha choo kama mwanariadha mwingine yeyote. Lakini usikimbilie kununua mifagio. Zamu ile ina maana kwa sababu hurudi tena na tena na haimwachi nyota nje. Bosi akipiga deki mara moja ili apigwe picha, wafanyakazi hucheka jikoni.

Suala la kuchelewa ni zito zaidi, na hapo nina kovu langu. Nilipokuwa nikifundisha raga Nakuru, nilimruhusu mchezaji wangu bora kukosa mazoezi ya Jumanne, mradi Jumamosi anafunga. Wiki ya tatu, wanne wengine walikuwa na “malaria”. Nilikuja kumweka benchi, lakini nilimwambia Jumamosi asubuhi, mbele ya wote, nikiwa na hasira. Tulifungwa, naye akahama. Kosa lilikuwa langu mara mbili: nilichelewa kusema, kisha nikasema vibaya.

Kwa hiyo usimfukuze kwa hasira. Isitoshe, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakutaka umweleze mfanyakazi kosa lake kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama, na umsikilize kabla ya kumwachisha kazi kwa utovu wa nidhamu. Ukilipuuza hilo, unaweza kujikuta mahakamani. Weka saa ya kufika kwa maandishi, iwe ya wote sita, na wewe pia. Ukichelewa, sema mbele yao kwamba umechelewa.

Naivasha ni kuzuri, samaki ni watamu, lakini mkirudi Jumatatu kamisheni itakuwa ileile. Ngoja kwanza.

Wiki hii nunua daftari moja kubwa la mafundi, likae kaunta: jina, simu, anajenga wapi, alinunua nini mwisho. Ila kabla ya kuliweka, na kabla ya kutangaza malipo mapya, mwite huyo kijana peke yake umwonyeshe hesabu kwenye karatasi. Macho yake yatatua kwanza kwenye zile 2,250 anazopoteza. Mwache aseme mpaka amalize. Kisha mwahidi kwamba kwa miezi miwili ya mwanzo utamfidia tofauti hiyo kutoka mfukoni mwako, na umwombe aandike yeye namba ya kwanza daftarini.