Barua kwa mwanangu: mpiga picha wa harusi yenu

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma, nikamsomea na baba yako. Unasema kamati imetenga fungu la picha na video lakini imegawanyika: wajumbe wa Dar es Salaam wanamtaka kijana mwenye droni na wafuasi wengi Instagram, wa huku wanamtaka fundi wa Mwanjelwa, Mbeya mjini, kwa sababu bei yake ni nafuu na hatudaiwi nauli wala malazi. Unaniuliza, kwa kuwa nimeshika daftari la michango kwenye harusi nyingi za ukoo, mimi ningemchagua yupi.

Usimchague yeyote kabla hujaona harusi moja nzima aliyoipiga. Zile picha za Instagram amezichagua mwenyewe kutoka harusi nyingi, na hakuna anayetundika picha mbovu dukani kwake. Mwombe kila mmoja akuonyeshe kazi yote aliyowakabidhi maharusi fulani, tangu bibi harusi anavalishwa mpaka watu wanaagana ukumbini. Akikwambia kwanza awaombe ruhusa wenyewe, mwongezee alama, kwa maana na zenu atazilinda hivyohivyo.

Ukishazipata, anza na za usiku. Mchana hata simu yangu inatoa picha ya kupendeza. Ukumbini ndiko fundi anapojulikana. Mapambo yenu ni zambarau, na wapambaji wa siku hizi wanafunika dari yote kwa vitambaa. Mpiga picha aliyezoea kuelekeza flashi juu ili mwanga urudi taratibu, akifanya hivyo chini ya kitambaa cha zambarau, mwanga unarudi na rangi ile ile na wageni wote wanatoka kama wamepigwa baridi ya Kitulo. Ongeza taa za DJ, kijani upande huu, bluu upande ule. Anayeijua kazi yake anafika mapema, anatazama dari, anasimamisha taa zake mwenyewe pembeni, na anaelewana na DJ zile za rangi zipunguzwe wakati wa keki na wakati wa zawadi. Muulize kila mmoja: dari likiwa la zambarau utafanyaje? Usimsaidie kujibu.

Kisha angalia nyuso. Gauni ni jeupe, wewe ni mweusi kama baba yako, na mwenzako naye ni mweusi tena amevaa suti nyeusi. Kamera ikiachwa ijiamulie yenyewe mbele ya gauni kubwa jeupe, inapunguza mwanga na uso wako unazama. Wengine wakiona hivyo wanakimbilia kompyuta: wanakung'arisha, wanakulainisha, mpaka shangazi zako wanauliza huyu ni nani. Hapo mwanangu sina mjadala. Sitaki mtu akuchubue kwa kompyuta siku ya harusi yako. Weka picha zake pembeni ya watu halisi unaowafahamu, uone kama rangi zao ndizo. Kama kila bibi harusi wake ana rangi moja, mwache hata akija bure.

Halafu kuna mvua. Mmepanga ndoa baada ya Pasaka, na Aprili ya Tukuyu haihitaji kusimuliwa. Kijana wa Dar amekuahidi picha kwenye mashamba ya chai ya Katumba, Daraja la Mungu, na Kitulo kwenye maua. Ni mahali pazuri kote. Lakini Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, kuna kiingilio, na barabara ya kupandia kule wakati wa masika inaweza kuwa matope. Hiyo iwe siku nyingine mkiwa mmevaa mabuti. Chai inawezekana, ila ni shamba la watu, ruhusa iombwe mapema. Na ukungu wala usiwatishe. Mwanga wake ni laini, hauchomi macho wala hautengenezi vivuli chini ya kofia za kina mama. Anayeogopa ukungu wa Rungwe hajawahi kupiga picha Rungwe. Kwa jambo hili fundi wa Mwanjelwa amemzidi mwenzake: ukimuuliza mvua ikinyesha tutapiga wapi, anataja baraza fulani kwa jina lake, na anajua ni saa ngapi mwanga unaingia pale.

Fikiria na saa. Ibada ikianza saa sita, mpaka mtoke na watu wapeane mikono ni saa nane na nusu. Kutoka Tukuyu hadi Mbeya mjini ni kama kilomita 70, lakini mkifika Uyole mnakutana na malori ya Tunduma, na foleni ile haimjui bibi harusi. Jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu, na siku ya mawingu giza linawahi. Kwa hiyo picha za familia zote zipigwe palepale kanisani kabla ya msafara kuondoka. Asiyekuuliza ratiba yako saa kwa saa kabla ya kutaja bei, mimi ningemtilia shaka.

Sasa nikufikishe kwenye jambo ninalolijali kuliko mengine yote. Wapiga picha wengi wakishawapata maharusi, wasimamizi na meza kuu, wanaona kazi imekwisha. Wanakupa picha ya pete, ya viatu, ya gauni likining'inia dirishani. Bibi yako anaonekana kwa nyuma, nusu kilemba. Mimi nimeshapekua albamu za watu baada ya msiba, tukitafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza, na mara ngapi tumeishia kukata kichwa cha mzee kutoka kwenye picha ya wengine! Harusi ndiyo siku pekee ukoo mzima unavaa vizuri na kukaa mahali pamoja. Watu wanatoka Kyela, wanatoka Chunya, wengine hamtaonana nao tena hapa duniani. Hizo ndizo picha ambazo wewe utazitafuta baada ya miaka 20. Viatu hutavikumbuka.

Kwa hiyo katika ile harusi nzima utakayoonyeshwa, tafuta wazee. Wamepigwa wakitazamwa usoni, au wametokea tu kwa bahati? Kuna picha ya bibi anacheka? Kuna mjomba anacheza akipeleka zawadi, na uso wake unaonekana? Nimeangalia kazi ya yule fundi wa Mwanjelwa kwenye harusi ya binti wa jirani, na nilichokiona ni kwamba anapiga magoti mbele ya mtu mzima aliyekaa, hamwamuru asimame. Wakubwa wetu wanalegea mbele ya mtu mwenye adabu, na uso uliolegea ndio uso wenyewe. Kijana wa Dar pengine naye anayo adabu hiyo. Mpigie simu, usikilize anavyokuamkia na anavyomzungumzia mama wa harusi aliyopita.

Mpeni pia mtu wa kumwongoza, maana yeye hamjui nani ni nani. Mjomba wako mdogo ana sauti na anaujua ukoo wote. Awe na orodha mkononi, aite makundi. Bibi apigwe wa kwanza, ameketi, kabla hajachoka, na wewe uketi karibu yake chini.

Kuhusu droni, kwa kifupi. Kuirusha kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na hifadhini kuna ruhusa nyingine juu yake. Aonyeshe vibali. Aprili yenyewe huenda isiruke kabisa, na mimi nisingelipia kitu kitakachoshinda kwenye begi.

Mkataba uandikwe, hata kama ni ndugu. Hasa kama ni ndugu. Ndani yake litajwe jina la atakayeshika kamera, kwa sababu wapo wanaopokea oda mbili Jumamosi moja na kwako wanamleta mwanafunzi. Aje na kamera mbili na betri za ziada, na kamera iwe ya kuhifadhi picha kwenye kadi mbili za kumbukumbu kwa pamoja. Kwenye harusi moja ya ukoo kadi iliharibika, na viapo vyote vikapotea. Wale watoto hawana hata picha moja wakivishana pete. Malipo yawe kwa awamu, mfano asilimia 30 ya kumshika, 40 wiki ya harusi, na 30 siku anapokabidhi albamu na faili zote. Tarehe ya kukabidhi iandikwe. Hiyo 30 ya mwisho ndiyo inayomkumbusha simu zako. Iandikwe pia kama anaruhusiwa kuziweka picha zenu mtandaoni, na zipi.

Mchungaji aulizwe mapema mpiga picha asimame wapi wakati wa viapo. Na wale wanaokuja kuuza picha kwa wageni mlangoni wasiingie ukumbini; wanamzibia njia mliyemlipa.

Umeona naegemea wapi. Ningemchukua wa Mwanjelwa, na ile pesa iliyobaki kwenye nauli na malazi imlete msaidizi mwenye kamera ya pili, asimame upande wa wageni tu. Lakini harusi ni yenu. Tazama kazi zao wote wawili pamoja na mkwe wangu, mkae mpaka mwisho wa kila albamu, halafu muwaandikie kamati ninyi wenyewe, msiwaachie wapige kura.

Nimeanza orodha ya upande wetu. Mwombe mama mkwe wako majina ya wazee wa kwao, na ambao hawawezi kupanda ngazi za kanisa, unitumie kabla ya kikao cha Jumapili. Baba yako anakusalimu sana.

Mama yako